Lahaja

Shangazi Barke hakusamehe ulimi.
Ukisema njia, alikukata: ndia.
Ukisema njoo, hasikii, mpaka useme ndoo,
hata kama umesimama mlangoni pake Kibokoni
na ndoo yenyewe, ya maji, inakukata vidole.

Leo Daktari Mwachiro ametandaza karatasi mbili:
moja ya titi, ya miaka minne nyuma,
moja ya ini, ya Jumanne.
Kwa kalamu ya buluu akachora kitu kama mti.
"Shina ni moja," akasema. "Mama yao mmoja."

Seli moja, ikinakili waraka wa mwili,
iliruka herufi.
Hakuna aliyeisahihisha.
Mwanawe akanakili kosa, akaongeza lake,
na mjukuu lake,
wakahama kabla uvimbe haujaguswa na kidole,
kabla yule muuguzi wa Makadara hajanyamaza
na kusema, "Hebu nishike tena hapa, mama."

Waliopita kwapani walisema bado Kimvita.
Waliofika nyonga walishika lafudhi nyingine,
kama jamaa zetu waliolowea Siyu,
wakakaa mfupani, kimya, miaka.
Hawa wa ini hawakutoka titini.
Walitoka nyonga.
Wageni wa wageni,
hata salamu ya nyumbani imewatoka.

Ndiyo maana tembe haikuwapata.
Kila asubuhi, baada ya chai, ilibisha hodi
ikiita kwa jina la titi,
na kule ndani hakuna aliyejua kwamba ndiye anayeitwa.

Nikauliza: mtasema nao lugha gani?
Ipo dawa nyingine, akasema. Tutajaribu.
Ila sisi tutakuwa tunajifunza
na wao wanabadilisha.
Hakunidanganya. Namshukuru, na namchukia.

Shangazi aliuona mti ule kutoka upande wake wa meza,
mizizi juu, matawi chini.
Akaweka kidole penye ini.
"Huyu hana adabu," akasema.
"Katoka kwangu, na jina langu hajui kulitamka."

Kisha akajifunga buibui, polepole,
mkono wa kushoto haupandi tena juu ya bega,
akaniuliza, kama anayeuliza habari ya magari Digo Road,
ndia i wazi?

I wazi, nikasema.
Ndia i wazi, shangazi.

Hakunisahihisha.