Mstari wa Nne

Nilipewa meza, kalamu mbili za wino wa buluu,
na rundo la fomu lililofungwa kwa uzi wa katani.
Ghala la bandarini lilinuka kahawa ya mwaka jana.
Feni ilizunguka bila kumpepea mtu.

Jina. Umri. Ulikotoka.
Mstari wa nne: Sababu ya kukimbia.
Nafasi yake ilikuwa fupi,
haizidi kidole changu cha shahada.
Nikajifunza kuandika neno moja, vita,
vita, vita, vita, hadi alasiri,
kama mwanafunzi anayeadhibiwa ubaoni.

Wao hawakulisema neno hilo.

Abukari, muuza hariri, alisema:
"Jirani yangu aliacha kuitikia salamu.
Siku ya kwanza nilidhani hakusikia.
Siku ya nne nikafunga duka."

Msichana mwenye kovu shavuni:
"Waliuliza ukoo wetu.
Tukawatajia. Wakauliza tena.
Hatukuwa na jibu jingine."

Mmoja alisema, "Kisima."
Nikangoja. Hakuongeza.
Nikaandika vita.

Kisha akaja Batula, mtu wa Miini.
Kiswahili chake si changu, wala si cha mbali:
kama binamu aliyelelewa ng'ambo,
pua ileile, sauti ya kwingine.
Begani kamlaza Nurein, miaka minne,
na makubadhi miguuni, ngozi aliyoishona babake,
yamekazwa kwa kamba ya mkonge
mara mbili, fundo juu ya fundo.

"Mvue, apumzike," nikasema.

"Hajalala bila viatu tangu Mfungo Sita.
Usiku tuliotoka,
dada yake alirudi ndani kutafuta kiatu kimoja."

Nje winchi ilishusha kitu kizito,
sakafu ikatetemeka.
Mtoto akaamka, hakulia,
akajishika miguu, huu, na huu,
akalala tena.

Niliandika: kiatu.
Msimamizi akalikata kwa wino mwekundu,
juu yake akaandika neno letu la kila siku.

Mstari wa tano: Unatafuta usalama wapi?
Wengine walitaja miji waliyoisikia redioni.
Mmoja alitaja Tanga, kwa shangazi yake.
Abukari: "Popote mtu asipoulizwa babu yake wa saba."
Batula alifikiri hata foleni ikaguna.
"Penye mlango," akasema,
"ukimwambia mtu avue viatu,
avue."

Mama alikuwa na chumba cha uani, Bondeni.
Majirani walizihesabu ndoo za maji kwa sauti,
na mama naye alizihesabu, sitamsingizia wema.
Alinung'unikia mchanga kwenye shuka.
Alisema kodi imepanda kwa sababu yao,
huku akimpakulia mtoto ukoko wa wali,
sehemu aliyoninyima mimi maisha yangu yote.

Usiku kumi na mmoja Nurein alilala na makubadhi yake.
Wa kumi na mbili nilirudi kazini nimechelewa,
nikakuta kizingitini,
baina ya ndara za mama na kanda mbili za Batula,
kubadhi moja.
Moja tu.
Nikalivuka polepole
kama mtu anavyomvuka mtoto aliyelala.

Jumatatu lori la kambi likaja, likapiga honi.
Kambi ilikuwa bara, siku mbili za vumbi,
kusikoota hata mgagani.
Batula akapiga magoti uani,
akavuta kamba ya mkonge
mara mbili,
fundo juu ya fundo.
Mama alishika beseni tupu, hakujua aliweke wapi.

Fomu ya huko niliiona baadaye.
Safi, imepigwa chapa vizuri, ina nafasi ya kutosha
ya jina, ya umri, ya idadi ya vyombo.
Mstari wa nne
walikuwa wameuondoa.