Daftari la Mwalimu Tusekile

Ada ni mia tatu kwa siku,
au viazi vya kutosha sufuria,
au kopo la mkaa, mwezi wa sita,
ukungu wa Loleza unaposhuka Mabatini
ukalala juu ya bati kama mgeni asiyeaga.

Chumba kilikuwa cha kuku.
Manyoya yamebaki kwenye nyufa;
watoto huyachomoa, huyahesabia:
moja, mbili, tatu, chafya.
Ubao ni mlango.
Ukifunguliwa, irabu zote tano hutoka nje
na wapita njia huzisoma bure.

Gwamaka ana miaka mitano na sweta la dada yake.
Mama anauza ndizi Mwanjelwa;
zikiiva kabla wateja hawajafika,
hakuna mia tatu.

Leo kaokota daftari la madeni.
Kalishika kichwa chini, kaligeuza,
kidole kikatambaa kama jongoo:
Bu. Pe.
Bupe!
Neno lake la kwanza duniani,
na mbele yake, siku kumi na moja.

"Mwalimu, umemwandika mama!"
Darasa likapiga makofi.
Tusekile hakufuta, wala hakucheka.
Alisogeza jiko karibu na miguu ya watoto.
"Haya. Mstari wa mwisho."

Tu. Se. Ki. Le.
Kisha neno lililofuata jina,
lile la mwenye nyumba, la miezi miwili:
Ko...
Ko...
Akakwama hapo.
Darasa zima likaangua kicheko,
likidhani anaigiza kuku.