Mbeba Betri

Betri ina kilo ishirini na mbili.
Niliipima mwenyewe kwenye mizani ya muuza makaa
kabla ya kukubali bei.
Daktari Nsimire hutangulia na mkoba wa mashine,
nami nyuma, betri kichwani juu ya kata ya kitenge,
tunapanda Kadutu kwa ngazi za udongo
ambazo mvua ya jana imezilamba hadi zikaisha meno.

Anatafuta mimba za wiki ishirini kwenda juu.
Leo wenye mimba wanakaa kileleni,
kulikobaki nafasi kwa waliochelewa kufika mjini.

Tukipumzika hunieleza kazi yake,
wala hanipunguzii neno
kwa kuwa niliishia darasa la nne.
Seli za ubongo, asema, hazizaliwi pale zitakapokaa.
Huzaliwa bondeni, kando ya maji yaliyo ndani kabisa,
kisha kila moja hushika uzi wake, ikapanda.
Nyingi za mwanzo hutua chini.
Zinazofuata hupenya katikati ya wenyeji,
hodi, hodi, tuwieni radhi,
mpaka juu yao, ndipo zijenge.

Nilicheka nusura niangushe betri.
"Daktari, hiyo ni Kadutu!"
Hakucheka. Alitoa daftari, akaandika.

Kwa Nabintu umeme umekatika tangu Jumanne.
Nikaunga nyaya, nyekundu kwa nyekundu,
nikageukia ukuta, maana si mahali pa macho yangu.
Lakini mwenyewe akaniita: njoo uone, Baba Akonkwa,
wewe ndiye uliyeubeba huu mwanga.

Ubongo wa wiki ishirini na mbili
ni laini kama ini la mbuzi lililooshwa.
Daktari akatuonyesha picha nyingine, ya mtoto wa wiki thelathini na sita:
mikunjo, ghuba, rasi,
ufuko wetu huu unavyoingia ziwani na kutoka.
Kwa nini unajikunja?
"Wakazi wengi, nafasi ndogo.
Ila kama ni hilo tu, sijathibitisha.
Ndiyo maana bado napanda milima."

"Na sasa hivi anawaza nini?" Nabintu akauliza,
kiganja juu ya tumbo lenye mafuta baridi.
"Mashine inaona kuta, mama.
Maongezi ya ndani haiyasikii."

Tulishuka jua likiwa limeegemea Nguba.
Pale palipokuwa na nyumba tatu mwezi uliopita
pana kovu jekundu na sufuria moja.
Hapo ndipo niliposimama nikauliza
lile nililokuwa nalibeba chini ya betri:

Akonkwa wangu ana miaka tisa, hajasema neno.
Mama yake alikuwa na mimba ya miezi minne
tulipokimbia, tukalala msituni siku sita kwa mihogo mibichi.
Je, kuna iliyokosa uzi?
Kuna iliyobisha hodi isifunguliwe?

Daktari aliangalia viatu vyake, vyote matope.
"Sijui," akasema.
"Na akija mtu akakuambia anajua,
muulize aliona wapi."

Nilikuwa nimeshausikia uongo mwingi wenye huruma,
wa wachungaji, wa shangazi, wa muuza mizizi pale Nyawera.
Hili "sijui" niliteremka nalo taratibu,
nikikanyaga palipo pagumu.

Betri ikiisha umeme haipungui uzito.
Hilo hakuna aliyenifundisha.

Nyumbani nilikaa kwenye kibao, nikainamisha kichwa.
Akonkwa akaja, kama kila jioni,
akaweka kidole kwenye alama iliyoachwa na kata,
akaizungusha polepole, akarudi alipoanzia,
kisha akakiacha kidole kishike njia yake
kupanda utosini.
Sikutikisika.
Alipofika juu alisimama hapo,
akagonga mara mbili.