Jogoo Mweusi wa Kadutu

Chupa ilibaki padiri alipoondoka:
tumbo la mviringo, shingo ndefu ya bata,
sketi ya majani makavu mpaka kiunoni.
Shangazi Ntakwinja akaifanya ya mafuta ya taa.
Miaka tisa tulisomea mwanga
uliotoka tumboni mwa Kianti.

Padiri Ottorino alikuwa fundi kuliko mhubiri.
Zahanati yetu aliijenga yeye, na ngazi za mawe
zinazopanda kutoka soko la Kadutu.
Kila Pasaka, saruji ikiwa bado kwenye kucha,
alimmiminia kila fundi divai ya kimo cha kidole
na kuvitaja vijiji vya kwao
kama mtu anayeita ng'ombe zizini:
Greve. Panzano. Radda. Gaiole.
Mimi, mbeba maji ya zege, nilivikariri.
Nikavisahau. Vikarudi vyenyewe.

Kwa maana uzeeni hospitali ilinituma Siena
nikasomee mashine ya kusafisha damu,
na Jumamosi moja nikapanda basi.
Nilijiandaa kwa ugeni. Nikakuta Nyangezi:
vilima vilevile vilivyolala ubavu,
ila penye migomba pana mizabibu,
imefungwa kwenye waya, mstari kwa mstari,
daftari la mtoto mwenye mwandiko mzuri.
Barabara inajipinda lakini haina shimo hata moja.
Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba niko mbali.

Chini, ghalani, mapipa gizani,
baridi ya jiwe, na harufu ninayoijua:
tunda linalojipika bila moto.
Nikaliona shimo nyuma ya nyumba ya shangazi,
ndizi zimelazwa chini ya majani ya moto,
mtama uliokaangwa, mtumbwi umefunikwa,
nasi watoto tumekatazwa kugombana karibu
kwa sababu kasiksi inasikia.

Mwenye shamba, Bi Fiorenza, akamimina.
Akatuonyesha ndoo: onja, kisha utema.
Kutema!
Nikairudisha glasi mezani.
Nikamwambia, kwa Kiitaliano cha wiki tatu,
kwetu aliyepika ndiye anayekunywa kwanza
ili mgeni ajue hamna kifo ndani.
Wajerumani wawili wakatazama viatu vyao.
Yeye akanitazama mimi.
Akaichukua glasi yangu, si yake,
akanywa, akameza, akanirudishia.

Ndipo nikanywa.
Ulimi ulikunjamana kama niliyetafuna pera bichi.
Halafu, nyuma ya ule ukali,
vumbi jekundu, ngozi ya kiatu kipya,
Pasaka.

Nilinunua chupa mbili.
Mpakani Ruzizi, afisa wa forodha
alibaki na moja, kwa uchunguzi.

Shangazi, macho yamekwisha, akapapasa shingo ya iliyofika.
Nikamwambia pana picha hapo, jogoo mweusi.
"Jogoo mweusi? Umeniletea dawa ya kumroga nani?"
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
Akaniamuru ninywe kwanza. Nikanywa.
Akaonja, akanyamaza kitambo,
akasema haijaiva,
nimwambie huyo mama aongeze mtama.

Kisha akaitaka ile ya zamani, yenye sketi.
Panya walikuwa wameila upande mmoja.
Akaipakata, akaanza kusoma msuko kwa kidole gumba,
juu, chini, juu, juu,
"Hapa alikosea.
Alikuwa na haraka huyu,
au mtoto mgongoni."
Akaomba ukindu na maji ya kuulainishia.

Sikuwa nimewahi kufikiri
kwamba ile sketi ilisukwa na mtu.

Umeme ulipokatika hakujua.
Nilikaa gizani nikisikiliza ukindu
ukipita juu, ukipita chini,
na mara mojamoja, kwa sauti ndogo, akimkaripia
mwanamke wa huko vilimani
ambaye sikumuuliza mtu yeyote jina lake.