Safu ya Mwisho

Nimekabidhiwa madaftari arobaini na matatu
yenye harufu ya panya na gundi,
na agizo la maneno mawili: tafuta mwelekeo.

Tangu Machi niko hapa Dagoretti, chumba cha chini,
nahamisha tarakimu kutoka wino hadi kompyuta,
mvua ya saa tatu asubuhi, joto la juu, joto la chini,
kama anayehesabu punje za wimbi
na kila punje ina tarehe.

Mwandiko ni watu. Hili sikufundishwa.
Kuna aliyeandika saba yenye mkanda kiunoni,
kuna aliyechovya kalamu kwa pupa hadi Mei nzima ina madoa,
na kuna Zipora Mbithe, miaka kumi na tisa,
sufuri zake mviringo kama mayai ya njiwa.

Safu ya mwisho inaitwa Maelezo.
Wengi waliiacha tupu.
Yeye: "Mvua ya mawe, ukubwa wa harage."
"Ukungu. Vilima vya Ngong havionekani."
"Chura ndani ya kipimamvua. Nimemtoa, nimekisia."
Na tarehe mosi Agosti, themanini na mbili,
mvua sufuri, joto la chini kumi na moja nukta mbili,
kisha, kwa herufi ndogo kuliko za kawaida:
"Ngurumo. Hapana. Ni risasi."
Alifikaje kituoni? Daftari halisemi.
Ila tarehe mbili yupo. Tarehe tatu yupo.

Dakta Nyakeri anasema hadithi haziingii kwenye mlinganyo.
Sawa. Nikaziweka kando, nikachora.

Mvua kwanza. Nilitaka ishuke, nakiri,
nilitaka mstari wa kunipa haki ya kulalamika.
Haukushuka. Jumla ya mwaka inayumba
kama mlevi wa mwisho wa mwezi,
huku ukutani, huku mtaroni, lakini nyumbani inafika.
Nikabadilisha swali: si kiasi gani, bali siku ngapi.
Hapo karatasi ikanitazama.
Masika ya Zipora yalilipa kidogo kidogo, siku arobaini,
kama mdeni mwenye adabu.
Ya sasa yana siku ishirini na sita,
na deni lote huletwa usiku mmoja,
mlango ukivunjwa, Mathare,
godoro la mtu likienda na mto.

Kisha joto. La mchana limepanda kwa haya.
La usiku halina haya.
Mwaka tisini na nne lilipanda ngazi nzima,
nusu digrii kwa mruko mmoja;
nikashangilia kama mjinga,
hadi nikasoma, kwa mkono wa mtu mwingine:
"Kipimajoto kimehamishwa. Lami mpya, hatua thelathini."
Basi nusu ile si ya anga, ni ya barabara.
Nikaikata. Nikasahihisha. Nikakata tena.
Kilichobaki baada ya kisu
bado kinapanda.

Cha nani? Cha saruji ya Kilimani, au cha dunia nzima?
Dakta anataka asilimia.
Naandika: kwa takwimu hizi, haitenganishiki.
Ananirudishia na duara jekundu.

Nyumbani Uthiru, Julai, saa nane za usiku,
mwanangu Muhonja amelipiga teke blanketi.
Julai za kwetu tulilala na soksi mbili
na sweta ya shule juu ya nguo za kulalia.
Nasimama mlangoni. Huu si ushahidi,
mtoto mmoja, usiku mmoja, dirisha halipitishi upepo.
Namfunika hata hivyo.
Analitupa tena, bila kuamka.

Asubuhi nikatoka chumba cha chini,
nikazunguka hadi uani, ndani ya uzio.
Siku hizi ipo mashine, inajisomea kila robo saa,
haichelewi, haikisii, haiogopi,
na haina safu ya mwisho.
Kipimamvua cha shaba kimeachwa pembeni.
Nikachungulia: jani la mkaratusi, maji ya manyunyu.
Nikapima. Nukta nne.

Nilikuwa na kalamu tu, bila daftari.
Nikaandika kiganjani, saa tatu kamili:
0.4. Mawingu.
Mtoto amekataa blanketi.