Swali la Kumi na Nne

Mhariri wa jarida ameniandikia kwa upole wa mtu wa mbali:
Marejeleo yako, ndugu, hayajafuata mwongozo.
Jina la ukoo kwanza. Kisha mkato. Kisha herufi ya jina la mtu, na nukta.
Mwaka uwe kwenye mabano. Anwani ya kitabu iwe ya italiki.
Mstari wa kwanza uanzie pambizoni, inayofuata iingie ndani.

Hilo la mwisho halikunisumbua. Nimezaliwa Langoni,
najua mgeni huketi dakani
na wenyewe huingia ndani.

Siku ya tatu hii niko darini, kompyuta mapajani,
natafuta nukta iliyopotea baada ya "uk."
Brandvold wa 1974 nimempa mkato wake,
nimempa mchapishaji, na mji nisioweza kuutamka.
Huyu Brandvold alikaa Amu majuma mawili,
akanywa kahawa ya watu, akauliza majina ya mishono ya kofia,
na kwenye ukurasa wa 112 akaandika:
"mwanamke mmoja wa Langoni alinieleza."

Mwanamke mmoja yuko chini hapa, msanani,
mguu kaunyosha, kitambaa juu ya goti, anatoboa vito.
Alimwambia: nyayo za kunguru.
Brandvold akasikia: nyanya.

Mwaka wa 1981 akatokea Delacourt, akamnukuu Brandvold:
nyanya za kunguru ni mizimu ya kike ya watu wa pwani.
Na 1996 Osterhaus, akiwanukuu wote wawili,
akathibitisha kwa kurasa thelathini kwamba ni tunda
lililoletwa na Wareno.
Nami, sheria ni sheria, nawanukuu watatu,
neno kwa neno, kosa kwa kosa,
na pembeni naweka mabano: kama ilivyo.

Sasa swali la kumi na nne.
Chanzo hiki ni nani? Ukoo? Mwaka? Mchapishaji?
Nikamgeuza Mwanatumu binti Lali kama mwongozo unavyotaka:
Lali, M.
Nikashuka kumsomea. Akavua miwani.

"Lali ni babangu. Aliuza chumvi Matondoni, sindano hakuijua.
Ina langu li wapi?"
Ni hiyo M, bi.
"M ya nini? Ya mbuzi?"

Ningemweka hapo, kialfabeti,
kati ya Kjeldahl na Lindqvist, bila hata hodi,
lakini kifungu 6.3 kinakataa:
yaliyosemwa kwa mdomo hayaingii kwenye orodha.
Yatajwe tanbihini, mara moja, yaishe.
Yaani Delacourt apite ndani avue viatu,
na mwenye nyumba akae dakani.

Niliwahi kumuuliza ajuaje kofia yake
ikimpita njiani kichwani mwa mtu asiyemjua.
Akanigeuzia moja, upande wa ndani, karibu na kisogo:
tobo moja limetoka safuni.
Nilidhani limemponyoka.
Akacheka mpaka sindano ikamdondoka.

Mwaka? Mwaka wa mahojiano ninao.
Mwaka aliofundwa mshono, asema,
ni ule aliolewa dadake Mwanahawa, mvua ikaingia vyumbani.
Mwongozo hauna mabano ya hivyo.
Nimeandika "b.t.", bila tarehe. Nimefuta.
Nimeandika jina lake zima, mbele hadi nyuma,
chini ya M, lisilogeuzwa. Sijalifuta. Sijalituma.

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kupokea.
Umeme umekatika, betri asilimia tisa,
kishale kinapepesa mbele ya Mwanatumu
kama mtu anayetaka kusema kitu.
Nimeshuka tena, na tochi ya simu,
nimuulize mwenyewe: bi, uandikwe vipi?

Hakuinua kichwa.
"Ndoo, mulika hapa. Mato yangu hayaoni tundu.
Nitungie uzi kwanda."
Nikalamba ncha ya uzi.
Haukuingia. Nikalamba tena.