Ubavu wa Mcha

Maalim Asaa hakupata kuvuka hata Mkondo wa Pemba,
lakini Ugiriki aliijua kama njia ya Konde kwenda Tumbe.
"Hawakuwa askari wa mshahara," alisema, chaki sikioni.
"Wakulima. Mizeituni kwao kama kwenu mikarafuu,
na ngao kila mtu kainunua kwa jasho lake.
Haya, tokeni nje."

Tuliazima masinia kumi na mawili kwa Bi Mkasha,
yale anayokodisha harusini.
"Likirudi na kovu mtalilipa."
Tukafunga kamba nyuma, tukapenyeza mkono wa kushoto.
Mikuki: fito za ua wa shule.

"Nusu ya ngao ni yako.
Nusu ya pili ni ya ubavu wa aliye kushoto kwako.
Wewe umkinge yeye, wa kulia akukinge wewe.
Na yule wa mwisho kulia?"
Tukamtazama Shaame.
Shaame akatazama kulia kwake:
majamvi ya karafuu, mbuzi mmoja, upepo.

Kidato cha Pili B ndio Uajemi,
wamejaza makumbi vikapuni.
Filimbi.
Tukaenda bega kwa bega, mguu mmoja,
hatua kama saba.

Kisha sijui nani alianza.
Najua. Nilianza mimi.
Unyayo mmoja tu, nyuma ya sinia la Shaame,
naye Shaame, asiye na wa kujificha kwake, akasogea,
na safu nzima ikaenda mrama, kikaakaa,
hadi tukakanyaga karafuu za watu.
Kumbi likapita pale sinia langu lilipokuwa.
Nikausikia ubavu wa Mcha: du!
Hakulia. Aliuliza tu,
"Mbona huku pana baridi?"
Mimi sinia nimeshalitupa, nakimbia.

"Hata wao," Maalim alisema jioni,
akiokota karafuu moja moja kutoka mchangani,
"hata wao walivutwa kulia.
Woga una upande."

Juzi Mcha kaozesha binti yake.
Tulikaa wanne, pilau ikaja
kwenye sinia nililolijua kabla halijatua,
pale lilipobonyea karibu na ukingo.
Mchuzi wote ukaja kutuama kwangu.

Mcha, mwenye shughuli, alipita akihimiza watu kula.
Akainama, mkono mmoja ubavuni,
akalizungusha sinia taratibu
mpaka kile kibonde kikamwelekea
mgeni aliyekaa kushoto kwangu.
Hakusema kitu.
Akaenda sinia la pili.